Kuchagua mtambo wa bolti kabla ya kujengewa bunduki ya kuwindia

Mtutu wa bunduki hubadilishwa. Kitako hubadilishwa. Triga, darubini, hata sanduku la risasi, fundi anaweza kuvitoa akaweka vingine. Kinachobaki ni mtambo, yaani ule mwili wa chuma ulio nyuma ya mtutu pamoja na bolti inayoteleza ndani yake. Humo ndimo risasi inamobebwa, inamofungiwa, inamopigwa, na humo ndimo ganda linamovutwa likatupwa nje. Kwa hiyo mwindaji wa Mwanza anayetaka kujengewa bunduki ya kumkaa vizuri begani asianze kwa kuulizia mti wa kitako au ukali wa darubini. Aanze na mtambo, na autafute kwa subira.

Kabla ya mtambo kuna karatasi. Tanzania silaha inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki kunahitaji leseni, na kazi ya kuunda au kurekebisha ni ya mtu aliyeruhusiwa kuifanya, si ya kila mwenye mashine ya kukereza. Nenda Polisi kwanza, ueleze unataka kubadili nini, ndipo utoe pesa. Namba iliyogongwa kwenye mwili wa mtambo isomeke yote na ilingane na karatasi za muuzaji. Namba iliyokwanguliwa, iliyojazwa kwa kuchomelea au iliyogongwa juu ya nyingine haina maelezo ya kukutosheleza. Rudisha, ondoka.

Anza na risasi, si na chuma

Wengi hupata mtambo kwa bei nzuri kwanza, kisha ndipo wanatafuta risasi itakayoingia. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Amua kwanza utawinda nini. Swala pala, kongoni na nyumbu wana risasi zao. Nyati ana yake, na kiboko anayetoka ziwani usiku kuingia mashambani naye si mnyama wa kujaribia. Kwa wanyama hatari, kipimo cha chini kinachotambulika hapa nchini ni .375, yaani upana wa risasi kwa inchi. Mwenye mtambo wa kawaida wa Mauser, ile bunduki ya Kijerumani, alijue hili mapema, kwa sababu 9.3x62, risasi nzuri sana iliyobuniwa na Otto Bock mwaka 1905 ili itoshee mtambo huohuo, ni .366 tu. Inaangusha pofu bila shida, lakini kama nia yako ni nyati, uliza ofisi inayotoa kibali kabla ya kujenga.

Ukishachagua risasi, chukua vipimo viwili: urefu wake wote, na upana wa kitako cha ganda pale unaposhika ukucha, yaani kile kidole cha chuma cha bolti kinachovuta ganda. .308 Winchester ina urefu wa milimita 71. 9.3x62 inakaribia 84, .30-06 ni 85, .375 H&H ni 91 na .416 Rigby ni 95. Upana wa kitako ni milimita 12 kwa hizo tatu za mwanzo, 13.5 kwa .375 H&H na 15 kwa .416 Rigby. Sanduku la risasi kwa ndani lizidi urefu wa risasi walau kwa milimita moja au mbili. Likibana, ncha za risasi zitagonga ukuta wa mbele kila bunduki inaporudi nyuma, na zile za ncha laini zitabonyea.

Upana nao ni wa kuangaliwa sana. Uso wa bolti uliokatwa kwa ganda la milimita 12 hauwezi kupokea la 13.5 bila kukerezwa, na ukucha wake hautashika sawasawa bila kurekebishwa. Fundi mzuri anaweza. Lakini swali lako liwe: kwa nini nilipie kubadilisha kitu ambacho ningeweza kukinunua kikiwa tayari?

Kosa kubwa kuliko yote katika eneo hili ni kulazimisha .375 H&H ndani ya Mauser ya kawaida. Sanduku la Mauser hiyo lina takriban milimita 84 tu. Ili risasi ya 91 iingie, fundi hukata chuma mbele ya sanduku, kwenye mteremko unaoielekeza risasi kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Mteremko huo umekaa juu ya chuma kilekile ambacho jino la chini la bolti, lile tokeo linaloifungia, linaegemea. Kila milimita inayotolewa pale inapunguza ukuta unaozuia bolti isirudi usoni mwa mpigaji. Bunduki za namna hiyo zipo, na nyingine zimepiga miaka mingi. Hata hivyo, kwa .375 tafuta mtambo uliotengenezwa mrefu tangu kiwandani.

Ukucha

Mitambo ya bolti imegawanyika katika makundi mawili kwa namna inavyopakia risasi. Kundi la kwanza ni la Mauser ya mwaka 1898 na uzao wake. Ukucha mrefu umelala ubavuni mwa bolti, na risasi inapochomoka tu kwenye sanduku, kitako chake kinapanda na kuingia chini ya ukucha. Tangu hapo imeshikwa mpaka itakapotupwa nje. Kundi la pili, ambalo Remington 700 ya mwaka 1962 ni mfano wake unaojulikana zaidi, bolti inaisukuma risasi bila kuishika, na ukucha mdogo uliomo kwenye uso wa bolti unaidaka mwishoni kabisa, bolti inapofungwa.

Tofauti inaonekana mkono unapotetemeka. Mpigaji amesukuma bolti, risasi imeingia chembani, lakini hajageuza mpini hadi chini. Akavuta tena. Kwa mtambo wa kusukuma, ile risasi inabaki chembani, ya pili inakuja na kuigonga kwa nyuma, na bunduki imeziba. Kwa mtambo wa ukucha mrefu, ile ya kwanza inarudi na bolti na kutupwa nje. Kwa swala, hilo ni kupoteza nafasi. Kwa nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka, ni uhai wa mtu. Ushauri wetu hauna kona: bunduki ya wanyama hatari iwe na ukucha mrefu. Bunduki ya swala na ya shabaha inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili, na mitambo ya kusukuma mara nyingi ni rahisi kuinyoosha na kuipa shabaha nzuri.

Ukucha mrefu wa Mauser ya asili una sharti lake. Haukuumbwa kuruka juu ya kitako cha risasi iliyotumbukizwa chembani kwa mkono. Ukilazimisha bolti ifunge juu ya risasi ya namna hiyo, ncha ya ukucha inameguka, leo au siku nyingine. Risasi ipitie kwenye sanduku daima. Unapokagua mtambo uliotumika, angalia ncha hiyo kwa lenzi ya kukuzia. Ikiwa imemegeka, bei ipungue kwa thamani ya ukucha mpya na kazi ya kuuoanisha.

Ukaguzi mezani

Beba tochi ndogo, kitambaa cheupe, maka peni, venia ya kupimia milimita, risasi tano za bandia za kipimo chako, na geji mbili za chemba (vipande vya chuma vya kupimia chemba, kidogo na kikubwa) kama mtambo bado una mtutu. Hakikisha bunduki haina risasi: angalia sanduku, angalia chemba, kisha ingiza kidole cha mwisho ujiridhishe. Halafu omba kitako kifunguliwe. Muuzaji anayekataa skrubu mbili zifunguliwe ameshakupa jibu.

Chuma kilichofichwa na mti ndicho kinachosema ukweli. Unyevu wa ziwa hauonekani juu, pale mwenye bunduki anapofuta kila siku kwa kitambaa cha mafuta. Unaingia kati ya mti na chuma na kukaa. Pitisha ukucha wa kidole kwenye mpaka ambapo mti uliishia. Kutu ya juu inayofutika kwa mafuta na sufi laini ya chuma si tatizo. Vishimo vinavyokwaruza kidole ni tatizo, hasa vikiwa kwenye pete ya mbele ya mwili, pale mtutu unapoingia na meno ya bolti yanapofungia. Hapo usikubali vishimo hata viwili.

Toa bolti, uitazame uso. Kuzunguka tundu la pini inayopiga risasi kusiwe na vidonda vya kuungua. Vidonda hivyo huachwa na gesi ya fataki (kile kiwashio kilicho katikati ya kitako cha ganda) iliyotoboka, na mara nyingi ni alama kwamba mtu amekuwa akipiga risasi za baruti nyingi kupita kiasi. Ncha ya pini, bolti ikiwa imefyatuliwa, itokeze takriban milimita 1.3 hadi 1.5, na iwe ya mviringo kama ncha ya yai. Ikipungua, fataki zitakataa kuwaka. Ikizidi au ikiwa kali, zitatoboka.

Sasa meno. Bolti nyingi zina meno mawili mbele yanayoingia kwenye mashavu ndani ya mwili na kubeba msukumo wote wa risasi. Futa mafuta, paka maka peni nyeusi kwenye mgongo wa kila jino, acha wino ukauke. Weka geji ndogo chembani, funga bolti taratibu, ivute nyuma kwa kidole ukiwa unageuza mpini juu na chini mara kumi hivi. Toa uangalie. Wino ukiwa umefutika sehemu kubwa ya meno yote mawili, umepata mtambo mzuri. Ukiwa umefutika jino moja tu, lile lingine halifanyi kazi. Jino moja linabeba mzigo wa mawili, bolti inapinda kila mshindo, na shabaha itahamahama bila sababu unayoweza kuiona.

Kuna fundi atakayekuambia hilo ni jambo la kusaga kidogo kwa unga wa msasa. Kwa mtambo wa chuma kigumu hadi ndani, kusaga kidogo kunakubalika. Kwa Mauser za kijeshi, simama. Chuma chake ni laini ndani na kimekomazwa ngozi ya juu tu. Ukisaga ngozi ile ukaipita, meno yatakuwa yanaegemea chuma laini, na kila mshindo utayachimbia kishimo. Dalili ya kishimo hicho unaisikia mkononi: unapoinua mpini, bolti inakwama, kisha inasogea mbele kidogo kabla ya kukubali kurudi nyuma, kama gurudumu linalojitoa kwenye shimo la barabara. Mtambo wenye dalili hiyo usinunue kwa bei yoyote.

Geji za chemba zinapima nafasi iliyobaki kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapoegemea. Toa pini kwenye bolti kwanza, tumia nguvu ya vidole viwili tu. Bolti lazima ifunge juu ya geji ndogo, na lazima igome juu ya geji kubwa. Kwa .308 geji hizo ni milimita 41.40 na 41.50, yaani tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka kila linapopigwa, linaweka pete inayong'aa karibu na kitako, na siku moja linakatika hapo na kuachia gesi. Kama unakusudia kuweka mtutu mpya, kipimo hiki kitarekebishwa na fundi anayeufunga, kwa hiyo kisikuvunje moyo. Lakini kama nafasi ilizidi kwa sababu ya vishimo vya meno, mtutu mpya hautaponya.

Nyufa huzitafuti kwa macho peke yake. Paka mafuta ya taa kwenye pete ya mbele, subiri robo saa, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka unga wa chaki nyeupe. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Fanya hivyo hasa kwa mitambo mikubwa ya Enfield ya mwaka 1914 na 1917. Ni mirefu, ina nguvu, na imejengewa .416 nyingi duniani, lakini ile ya 1917 iliyotengenezwa Eddystone, Marekani, inajulikana kwa mitutu iliyokazwa kupita kiasi, hivyo pete hupasuka wakati wa kuifungua.

Angalia mpini wa bolti pia. Mitambo ya kijeshi ilikuwa na mpini ulionyooka pembeni, na ili darubini ikae chini, mafundi huukata na kuchomelea uliopinda. Joto la kuchomelea likisambaa bila kuzuiwa, linalainisha ule mteremko wa nyuma ya bolti unaokoki pini. Rangi ya buluu au ya manjano ya majani makavu iliyosambaa mbali kutoka kwenye weld ni ushahidi wa joto hilo. Baada ya muda mteremko unalika na mpini unakuwa mzito kuinua.

Triga na sefti vinapimwa kwa majaribio mawili, chemba ikiwa tupu na mtutu ukielekea mahali salama. Koki, weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti: pini isianguke. Halafu funga bolti kwa kishindo mara kumi: pini isianguke hata mara moja. Kwa Remington 700, uliza mwaka wa kutengenezwa. Mwaka 2014 kampuni yenyewe iliita zirudishwe bunduki zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014. Triga inabadilika kirahisi, kwa hiyo hili si la kuukataa mtambo. Ni la kuingiza triga mpya kwenye hesabu yako.

Mwisho wa ukaguzi ni risasi za bandia. Jaza sanduku, pakia zote kwa mwendo wa polepole, kisha kwa mwendo wa haraka, kisha bunduki ikiwa imelazwa ubavu na ikiwa imepinduliwa. Risasi inayodondoka, inayoinua pua juu sana au inayokwaruza ukingo wa chemba inaonyesha midomo ya sanduku imepinda au imekerezwa vibaya. Kazi ya midomo hii ni ya kuhesabu sehemu ndogondogo za milimita, na mafundi wanaoijua ni wachache kuliko wanaosema wanaijua. Mtambo unaopakia vizuri mezani ulipie zaidi kidogo. Hutajuta.

Ipi basi?

Mauser 98 bado ndiyo kipimo cha wengine. Mbali na ukucha, ina jino la tatu nyuma kama akiba, na matundu kwenye bolti yanayoielekeza gesi ya fataki iliyotoboka pembeni badala ya jichoni. Usiichanganye na Mauser za 1893, 1895 na 1896, ambazo hazina jino hilo na hazistahili risasi za msukumo mkubwa wa leo. Na zile za 1871, za milimita 11 na baruti nyeusi, ambazo askari wengi wa Kijerumani walibeba huku kwetu mwaka 1914, ni za makumbusho.

Brno ZKK 602 na CZ 550 ya mwili mrefu, zote kutoka Ucheki, ndizo tunazozipendekeza kwa .375 na .416. Zinakuja na urefu unaotakiwa, ukucha mrefu, na chuma cha kutosha. Huja na umaliziaji wenye mkwaruzo kidogo, unaolainika kwa matumizi na kusuguliwa kwa uangalifu. Winchester 70 ni nzuri ikiwa imetengenezwa kabla ya 1964, au ikiwa ni ile ya kuanzia miaka ya 1990 iliyorudishiwa ukucha mrefu, maana si zote za miaka hiyo zilizo nao. Ile ya katikati ni ya kusukuma. Lee-Enfield ya .303, inayopendwa na wazee wengi, iachwe ilivyo. Meno yake yako nyuma ya bolti, chuma kinanyumbuka kila mshindo, na sanduku lake ni la ganda lenye ukingo.

Kwa Mwanza, ongeza jambo moja kwenye uchaguzi. Mitambo ya shabaha ya kisasa imekazwa kiasi kwamba bolti haina hata nafasi ya unywele. Kwenye kiwanja cha kulenga ni sifa. Kwenye vumbi la udongo mweusi upande wa Maswa wakati wa kiangazi, bolti ya namna hiyo inakwama siku ya pili. Chagua inayocheza kidogo ikiwa wazi, mradi ikifungwa itulie kabisa. Chuma cha pua kinavumilia hewa ya ziwa kuliko chuma cheusi, ila meno yake yakisuguana makavu huparuzana na kung'ang'aniana, kwa hiyo tone la grisi mgongoni mwa kila jino ni lazima. Sehemu nyingine ziwe na mafuta membamba, yaliyofutwa mpaka chuma kibaki na unyevu tu, kwa sababu mafuta mengi pamoja na vumbi ni msasa. Na bunduki isilale ndani ya begi la sponji. Sponji hunywa unyevu wa usiku na kuukumbatisha chuma.

Unapoupeleka mtambo kwa fundi, mpe karatasi yenye jina kamili la risasi, urefu wake, vipimo vya geji ulivyopata, picha ya wino wa meno, na risasi tano zilezile za bandia. Bunduki ikirudi, rudia jaribio la kupakia mbele yake kabla hujalipa salio.